Wakati Usioonekana: Jinsi ya Kuchora Mistari ya Kiparameta kwa Programu ya R

Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza namna mistari iliyopinda ya aina iitwayo mistari ya kiparameta inavyochorwa kwa kutumia R, programu ya takwimu ambayo siku hizi hutumika katika vyuo vikuu vingi duniani. Huenda msomaji wa jarida la taaluma za Kiswahili akauliza hisabati hiyo inahusiana nini na lugha. Swali hilo ni la haki. Itoshe kwa sasa kusema kwamba ulimi wa mtu anayetamka neno tai hautulii mahali pamoja. Husafiri, na safari hiyo ikipimwa huwa mstari wa kiparameta. Mwanafunzi wa fonetiki anayechora safari hiyo pasipo kujua anachora kitu cha namna gani aweza kuandika katika tasnifu yake jambo ambalo data yake haikusema hata kidogo.

Mstari usiokubali njia ya shuleni

Katika shule ya sekondari mwanafunzi huzoeshwa kuchora grafu kwa njia moja tu: huchukua thamani ya x, huiingiza katika mlinganyo, hupata thamani moja ya y, kisha hutia nukta. Njia hiyo ina sharti ambalo mara nyingi halitamkwi, nalo ni kwamba kila x iwe na y moja tu. Sharti hilo likivunjwa, njia nayo huvunjika.

Mfano ulio karibu kuliko yote ni duara. Katika duara lenye nusukipenyo cha 1 na kitovu chake mahali mihimili miwili inapokatana, x ikiwa 0, y ni 1 na pia ni -1. R ina amri iitwayo curve ambayo huchora grafu za aina ya shuleni. Ikiagizwa curve(sqrt(1 - x^2), -1, 1) itachora nusu ya juu tu, mfano wa paa la nyumba isiyo na sakafu. Nusu ya chini haimo kwa sababu kipeo cha pili cha namba, kwa desturi ya programu zote, hutoa jibu chanya peke yake. Waweza kuandikwa mlinganyo wa pili kwa ajili ya nusu ya chini, na watu wengi hufanya hivyo, lakini ni kuziba tundu moja baada ya jingine. Mstari unaojikata wenyewe mara kumi utahitaji viraka vingapi?

Njia ya kiparameta huliacha kabisa wazo la kwamba y humtegemea x. Huleta kitu cha tatu, na kuwafanya x na y wote wawili wakitegemee. Mtu anayeuzunguka uwanja wa mpira kwa miguu ni mfano mwema. Kila baada ya dakika moja mtazamaji huandika mambo mawili: mtu huyo yuko mita ngapi upande wa mashariki, na mita ngapi upande wa kaskazini. Mwishoni mtazamaji huwa na orodha mbili za namba zenye urefu sawa. Namba ya kwanza ya orodha moja huoanishwa na namba ya kwanza ya orodha nyingine, ya pili na ya pili, na kadhalika. Kila jozi huwa nukta moja, na nukta zikiunganishwa kwa utaratibu wa dakika zake hutoa njia ya mtembezi. Kwamba amepita mara mbili mahali pamoja si tatizo tena, maana alipita kwa dakika mbili tofauti.

Lipo jambo moja la kuzingatiwa hapa, kwani sehemu ya mwisho ya makala hii itasimama juu yake. Katika mchoro uliokamilika mashariki huonekana, kaskazini huonekana, lakini dakika hazionekani. Wakati ndio ulioongoza kila kitu, na wakati ndio uliotoweka.

Kuhusu istilahi, wengine hupendelea kuita kitu hicho cha tatu kigezo. Neno hilo lina sura nzuri ya Kibantu, lakini limekwisha kubeba maana ya kipimo cha kulinganishia au kielelezo cha kufuatwa, na msomaji akikuta kigezo cha utafiti na kigezo cha mstari katika ukurasa mmoja atapotea. Kwa hiyo hapa limechaguliwa parameta, ambalo angalau halidanganyi mtu. Wanafunzi wa Kongo waliosoma hisabati kwa Kifaransa wataitambua mara moja.

Programu yenyewe

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Herufi ya kwanza ya majina yao ndiyo jina la programu, ingawa jina hilo ni utani pia juu ya S, lugha ya takwimu ambayo John Chambers na wenzake walianza kuiunda mwaka 1976 katika maabara za Bell huko Marekani. Mwaka 1995 waandishi wa R waliitoa kwa leseni huria ya GNU, na toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Leseni hiyo yaruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzake bila malipo. Kwa idara zisizo na fungu la kununulia programu, hilo si jambo dogo.

Mtumiaji huandika amri kwa maneno, wala habofyi vitufe vya picha. Wanaoanza hulalamikia jambo hilo, lakini lina faida kubwa: mchoro wote huweza kuhifadhiwa kama mistari michache ya maandishi ndani ya faili moja ndogo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kinachopotea ni picha tu. Maandishi yaliyokwisha kuhifadhiwa huirudisha kwa sekunde moja. Tena mwenzake aliye katika mji mwingine aweza kuyasoma na kuona hasa nini kilifanyika.

Amri zenyewe ni za Kiingereza. Hata hivyo R haijali mtafiti ameviitaje vitu vyake mwenyewe, na kwa sababu hiyo hakuna kinachomzuia kuviita kwa Kiswahili. Katika mifano inayofuata parameta itaitwa wakati, na orodha mbili zitaitwa mlalo na wima.

Duara

Duara huchorwa kwa mistari minne:

wakati <- seq(0, 2*pi, length.out = 201)
mlalo <- cos(wakati)
wima <- sin(wakati)
plot(mlalo, wima, type = "l", asp = 1)

Mstari wa kwanza hutengeneza orodha ya namba 201 zilizopangwa kwa nafasi sawa kuanzia 0 hadi mara mbili ya pai, yaani mzunguko mmoja mzima ukipimwa kwa radiani. Anayefikiri kwa digrii akaandika 360 badala ya 2*pi hatapata onyo lolote. Atapata mizunguko zaidi ya hamsini na saba iliyolaliana, na kwa kuwa nukta zitakuwa chache mno kwa mizunguko hiyo yote, mchoro utafanana na kiota cha ndege. Mstari wa pili na wa tatu hukokotoa orodha nzima kwa mkupuo mmoja, bila haja ya kurudia namba baada ya namba. Hiyo ni tabia ya R inayoifaa sana kazi hii. Mstari wa nne huchora. Ndani yake alama "l" ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya mstari, wala si namba moja. Macho ya wengi yameponzwa na ufanano huo. Mihimili ya mchoro itajiandika yenyewe mlalo na wima, kwa sababu R huchukua majina ya orodha ilizopewa.

Agizo asp = 1 hulazimisha kipimo kimoja cha mlalo kiwe na urefu sawa na kipimo kimoja cha wima. Likisahauliwa, R huunyosha mchoro ili ujaze dirisha, na duara hugeuka duaradufu. Namba hazikubadilika, kilichobadilika ni macho ya msomaji. Anayetaka kufupisha kazi aweza kujitungia amri yake:

chora <- function(mlalo, wima) plot(mlalo, wima, type = "l", asp = 1)

Tangu hapo kuandika chora(cos(wakati), sin(wakati)) kunatosha, na R hutii neno la Kiswahili kama inavyotii mengine.

Sasa laja suala la idadi ya nukta. Kompyuta haichori mstari uliopinda hata mara moja. Huchora vipande vilivyonyooka, vifupi kiasi cha kulaghai jicho. Kwa kipimo cha length.out = 7 huwa kuna nukta saba, ya mwisho ikiangukia juu ya ya kwanza, na vipande sita: matokeo ni pembesita. Urefu wa mzingo wake ni 6 kamili, ilhali mzingo wa duara lenyewe ni takriban 6.2832. Kwa vipande 12 urefu hufika 6.2117, na kwa vipande 100 hufika 6.2822. Nukta mia mbili kwa hiyo zamtosha mtu kwa duara moja.

Lakini haziutoshi kila mstari. Msomaji ajaribu kuchora mlalo wa sin(wakati) na wima wa sin(7*wakati) kwa nukta 15 tu, yaani vipande 14. Kila nukta itaangukia hasa mahali ambapo sini ya mara saba ni sifuri. Mawimbi saba yatapanda na kushuka katikati ya nukta bila kuonwa, na R itachora mstari mnyoofu uliolala kama uzi. Hakuna kosa litakalotangazwa. Na asp = 1 ikiondolewa huja kioja kingine: kwa kuwa kompyuta haihesabu sifuri kamili bali namba ndogo mno zinazoikaribia, R itazikuza hadi zijaze dirisha, na mtafiti ataona milima na mabonde ambayo ni vumbi la hesabu tu. Dawa ni rahisi: idadi ya nukta iongezwe maradufu, mchoro urudiwe. Ukibadilika umbo, nukta zilikuwa chache.

Mkato na nukta

Mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa huandika nusu kama 0,5. R hutaka 0.5, na mkato kwake ni kitenganishi cha vitu. Anayeandika a <- 0,5 hukataliwa papo hapo, na kukataliwa huko ni heri. Hatari iko mahali R inapokubali. Mwanafunzi anayetaka kuingiza vipimo viwili, moja na nusu na mbili na nusu, akaandika c(1,5, 2,5), hupewa orodha ya namba nne: 1, 5, 2 na 5. Zote ni namba halali, wastani wake hukokotoleka, na mchoro wake huchoreka. Vipimo vya wiki nzima vyaweza kuharibika hivyo pasipo neno moja la onyo.

Kwa majedwali yaliyokwisha kuandikwa kwa desturi ya Kifaransa, R ina amri ya read.csv2, ambayo hufahamu kwamba mkato ni alama ya desimali na kwamba safu hutenganishwa kwa nuktamkato. Baada ya kusoma jedwali, amri str(jedwali) huonyesha kila safu imechukuliwa kuwa kitu gani. Safu ya vipimo ikitajwa kuwa maandishi badala ya namba, mkato ndio wa kushukiwa kwanza.

Gurudumu la kinga

Baiskeli, ambayo wenyeji wa Lubumbashi huiita kinga, hutoa mfano wa pili. Kipande cha chaki kikifungwa kwenye ukingo wa gurudumu, nalo likabingirika kandokando ya ukuta, chaki itachora matao yanayofuatana, kila tao likigusa ardhi kwa ncha kali. Mstari huo huitwa sikloidi. Galileo ndiye aliyeupa jina hilo, na mwaka 1658 Mwingereza Christopher Wren alionyesha kwamba urefu wa tao moja ni mara nane ya nusukipenyo cha gurudumu, jibu la ajabu kwa kuwa pai haimo ndani yake.

wakati <- seq(0, 6*pi, length.out = 601)
mlalo <- wakati - sin(wakati)
wima <- 1 - cos(wakati)
chora(mlalo, wima)

Matao matatu yatatokea. Jibu la Wren laweza kutumiwa kuukagua mchoro: sum(sqrt(diff(mlalo)^2 + diff(wima)^2)) hujumlisha urefu wa vipande vyote, na jawabu halina budi kuikaribia 24 kwa upande wa chini. Likiwa mbali, iko amri iliyokosewa.

Kinachovutia zaidi huonekana mtu akiongeza nukta chache zilizopangwa kwa wakati sawa, kwa mfano moja katika kila ishirini:

i <- seq(1, 601, by = 20)
points(mlalo[i], wima[i])

Juu ya tao nukta huachana mbali. Chini, karibu na ardhi, husongamana. Sehemu ya gurudumu inayogusa ardhi husimama kwa nukta ya wakati, ilhali sehemu ya juu huenda kwa kasi mara mbili ya kasi ya baiskeli yenyewe. Mstari mtupu haukuwa umesema hayo. Nukta zimeurudisha ule wakati uliotoweka.

Sauti mbili zikichorana

Mfaransa Jules Antoine Lissajous, aliyeishi kuanzia 1822 hadi 1880, alikuwa mtaalamu wa sauti. Katika miaka ya 1850 alichukua vyuma viwili vya kulinganishia sauti, vile vyenye meno mawili ambavyo hutoa mlio mmoja vikigongwa, akabandika kioo kidogo kwenye kila kimoja, kimoja kikitikisika kwa mlalo na kingine kwa wima. Mwali wa mwanga ulipiga kioo cha kwanza, ukaruka hadi cha pili, ukaishia ukutani. Ukutani palionekana umbo linalong'aa. Mmarekani Nathaniel Bowditch alikwisha kuyachunguza maumbo ya aina hiyo mwaka 1815, lakini ni jina la Lissajous lililobaki.

Kwa R vyuma na vioo havihitajiki. Sauti mbili ambazo moja hutikisika mara mbili ya nyingine, yaani zilizoachana kwa oktava moja, huchorwa kwa chora(sin(wakati), sin(2*wakati)), na umbo lake ni namba 8 iliyolazwa. Uwiano wa 2 kwa 3 hutoa kusuka kunakogusa ukingo wa juu mara tatu na ukingo wa kulia mara mbili, na kwa kuzihesabu nukta hizo za kugusa mtu huweza kuusoma uwiano bila kusikia sauti. Ikiwa uwiano si kamili, umbo haliwi tulivu, bali hujigeuza polepole. Mafundi walitumia ishara hiyo kulinganisha sauti.

Safari ya irabu

Kila irabu ina masafa yanayosikika kwa nguvu kuliko mengine, nayo huitwa fomanti. Mbili za kwanza, F1 na F2, hutosha kwa kazi nyingi. Kwa jumla F1 hupanda mdomo ukifunguka, ndiyo maana ni kubwa kwa a na ndogo kwa i na u. F2 hupanda ulimi ukisogea mbele, ndiyo maana ni kubwa kwa i na ndogo kwa u. Tangu kitabu cha Martin Joos cha mwaka 1948 wanafonetiki wamezoea kuweka F2 kwenye mhimili mlalo na F1 kwenye mhimili wima, yote miwili ikiwa imegeuzwa, ili picha ifanane na kinywa kilichotazama kushoto. R hugeuza mhimili ikiwa namba kubwa itatajwa kwanza: xlim = c(2600, 600), ylim = c(1000, 200). Hapa asp = 1 haitumiki, kwani mihimili hii miwili haipimi kitu kimoja kama ilivyo kwa duara.

Irabu moja iliyotulia ni nukta moja. Irabu mbili zilizofuatana, kama katika tai au au, ni njia. Sarufi za Kiswahili hufundisha kwamba kila irabu kati ya hizo ina silabi yake: tai lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ta. Mwanafunzi wa Kongo ana kifananisho karibu, kwa sababu neno la Kifaransa travail huishia kwa mwendo wa kutoka a kuelekea i vilevile, lakini ndani ya silabi moja. Je, mzungumzaji aliyelelewa katika lugha zote mbili hutamka tai kwa irabu mbili, au kwa irabu moja inayoteleza? Hilo ndilo swali ambalo mchoro huitwa kulisaidia, na ndipo mchoro unapoweza kupotosha.

Zichukuliwe namba za kutungwa, kwa ajili ya mfano tu. F1 ianze 750 na kuishia 300. F2 ianze 1300 na kuishia 2200. Matamshi mawili yafuate njia hiyo hiyo, la kwanza kwa mwendo sawa, la pili kwa kukawia mwanzoni, kuruka haraka katikati, na kukawia tena mwishoni:

wakati <- seq(0, 1, length.out = 11)
sawa <- wakati
kukawia <- 3*wakati^2 - 2*wakati^3
plot(1300 + 900*sawa, 750 - 450*sawa, type = "l", xlim = c(2600, 600), ylim = c(1000, 200))
lines(1300 + 900*kukawia, 750 - 450*kukawia, lty = 2)

Mtazamaji ataona mstari mmoja. Wa pili umelala juu ya wa kwanza kabisa, hata vitone vyake havionekani. Anayechora namna hii ataandika kwamba wazungumzaji wake wawili hutamka sawasawa. Lakini "l" ikibadilishwa kuwa "b" katika plot, na type = "b" ikaongezwa katika lines, ili nukta za wakati sawa zionekane pamoja na mstari, tofauti hujitokeza. Katika matamshi ya kwanza F2 hupanda Hz 90 kila hatua, bila kubadilika. Katika ya pili hatua ya kwanza ni ya Hz 25 tu, na ile inayofika katikati ni ya Hz 133. Nukta zimesongamana kwenye ncha mbili, kama zilivyosongamana chini ya gurudumu. Ulimi ulikuwa na vituo viwili. Matamshi ya kwanza hayana kituo.

Msongamano peke yake haithibitishi silabi mbili. Mtu anayezungumza polepole hukawia kila mahali, na irabu ya mwisho wa sentensi mara nyingi hurefuka kwa sababu ya mwisho huo, si kwa sababu ya silabi. Sehemu inayofuata t moja kwa moja hubeba athari za konsonanti hiyo, hivyo mwanzo wa njia si a safi. Tena mtafiti hana budi kuamua kama wakati utapimwa kwa milisekunde au kwa sehemu za urefu wa neno kutoka 0 hadi 1. Uamuzi wa pili hurahisisha ulinganisho wa wazungumzaji, lakini huficha nani aliyechukua muda mrefu zaidi. Ni vyema namba hiyo iandikwe kando ya mchoro.

Vipimo vya kweli huleta taabu zake. Programu ya kupima sauti, kama Praat ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, wakati mwingine hushindwa kuipata fomanti. Mahali palipokosa kipimo paandikwe NA, nayo R itauacha mstari ukatike hapo. Pakiandikwa sifuri, mstari utarushwa hadi nje ya mchoro na kurudi, na mhariri atadhani irabu imeenda kuzuru. Jambo la mwisho ni mpangilio. R huunganisha nukta kwa utaratibu wa jedwali, si kwa utaratibu wa namba. Mtu aliyelipanga jedwali lake kwa ukubwa wa F2 ili alisome vizuri, akasahau, atapata njia isiyokuwa ya ulimi wowote. Kabla ya kuchora, kwa hiyo, huandikwa:

jedwali <- jedwali[order(jedwali$wakati), ]

Na safu ya wakati isifutwe kamwe baada ya mchoro kukamilika, hata kama hakuna mhimili unaoitaja.